Stesheni inajibu pingi lakini PLC haiikubali: jibu kwa fundi wa kiwanda cha chai Mufindi

Swali: Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha chai huku Mufindi. PLC yetu, yaani kompyuta inayoendesha mitambo, ni Siemens S7-1200, ipo chumba cha udhibiti karibu na boila. Tumeongeza stesheni ya ET 200SP, seti ya moduli za kupokea na kutoa ishara mbali na PLC, kwenye jengo la kunyaushia majani, kama mita 140 kwa njia ya kebo, ili iwashe kontakta (swichi za sumaku) 8 za feni na kusoma Pt100 (vipima joto) nne. Wiki ya kwanza taa ya ER (ya hitilafu) ilimulika nyekundu na PLC ikasema stesheni haifikiki, ingawa nilikuwa nimeipa IP (anwani ya mtandao) na laptopu ilikuwa inaipingi, yaani inaiulizia kwenye mtandao na kujibiwa, vizuri. Baadaye ikakubali, sijui ni kwa nini. Sasa inafanya kazi mpaka feni zote ziwake. Hapo inapotea, inarudi, inapotea tena. Volti 24 tunazitoa chumba cha udhibiti kwa waya wa mm² 1.5. Koili za kontakta ni za DC, wati 5 kila moja. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu fundi, anza na mita, laptopu iache kwanza. Una makosa matatu yaliyopandana: umeme wa volti 24 unafika umepungua, kebo ya mtandao imezidi urefu wake, na stesheni ilipewa IP wakati kilichohitajika ni jina. Kila kosa lina dalili yake. Ukiyagusa yote siku moja hutajua lipi limeondoka na lipi limejificha.

Kosa la umeme ndilo linaloangusha stesheni feni zikiwaka, na hesabu yake ni fupi. Waya wa shaba wa mm² 1 una ukinzani wa ohmu 0.0175 hivi kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 280, na waya wako ni wa 1.5, kwa hiyo 280 × 0.0175 ÷ 1.5 inakupa ohmu 3.27 zilizokaa kati ya chanzo cha umeme na stesheni. Feni zikiwa zimezimwa, tuseme stesheni na moduli zake zinavuta ampea 0.3. Unapoteza volti 1, zinafika 23, na kila kitu kinaonekana kizima. Sasa washa kontakta zote 8: wati 40, ambazo kwa volti 24 ni ampea 1.67. Koili huvuta mkondo mdogo zaidi volti zinaposhuka, kwa hiyo ukiikamilisha hesabu, kwenye terminali za stesheni utakuta kama volti 18.8. Kifaa hiki kimeundwa kufanya kazi kati ya volti 19.2 na 28.8.

Ndiyo maana unaona ile hali ya kupotea na kurudi. Stesheni ikizimika inaachia koili, koili zikiachia mzigo unapungua, volti zinapanda, stesheni inaamka, PLC inaiamuru iwashe feni zote, na volti zinashuka upya. Hakuna mpangilio wa programu utakaouvunja mzunguko huo. Pima kati ya L+ (chanya) na M (hasi) kwenye stesheni yenyewe, feni zote zikiwa zinazunguka, mita ikiwa kwenye hali ya kushika kipimo cha chini kabisa. Kipimo cha chumba cha udhibiti hakikusaidii hapa, kwa sababu hapo volti 24 zipo muda wote.

Tiba ni kufunga chanzo cha volti 24 ndani ya jengo la kunyaushia, kikilishwa na volti 230 za humo humo. Ampea 5 zinatosha na kubaki. Toka kwenye chanzo hicho na njia mbili, kila moja na breka yake: moja ya stesheni na sensa, nyingine ya koili. Kila koili iwekee diodi, mstari wa diodi ukielekea upande wa chanya, au tumia kizimishi cha kuchomeka kinachouzwa pamoja na kontakta. Diodi huchelewesha kontakta kuachia kwa muda mdogo sana, na kwa feni hilo halina athari. Kwenye programu zipishanishe feni kuwaka, sekunde 3 hadi 5 kati ya moja na nyingine. Mota nane zikianza kwa pamoja huvuta chini hata umeme wa TANESCO, na mkiwa kwenye jenereta ni mbaya zaidi.

Sasa kebo. PROFINET, mtandao unaounganisha PLC na stesheni, kwa waya wa shaba unaruhusu mita 100 kati ya kifaa na kifaa, vipande vifupi vya ndani ya paneli vikiwemo. Wewe una 140. Kinachowapotosha mafundi wengi ni kwamba kwenye urefu huo taa ya kiungo inaweza kuwaka na pingi ikajibu. Angalia tofauti ya kazi yenyewe: pingi ya Windows hutuma pakiti moja ndogo kila sekunde na iko tayari kungoja jibu kwa sekunde 4. PLC, ukiwa na muda wa kusasisha wa milisekunde 2, inategemea data mpya kila milisekunde 2, na zikikosekana mara tatu mfululizo, yaani milisekunde 6, inatangaza kwamba stesheni imepotea. Kebo inayodondosha pakiti chache itapita mtihani wa pingi kwa raha na kushindwa huu wa pili mara nyingi kwa siku.

Unaweza kufikiria kuweka swichi katikati, kwenye mita ya 70. Kwa urefu itakubalika, lakini mimi siiafiki kwa mahali kama Mufindi. Majengo mawili yana ethi (waya wa ardhini) mbili, na kuanzia Novemba hadi Aprili radi za nyanda za juu haziulizi. Radi ikipiga jirani, ethi ya jengo moja hupanda kuliko ya jengo la pili, na tofauti hiyo hutafuta njia kupitia wavu wa kinga wa kebo yako hadi kwenye mlango wa mtandao wa PLC. Pitisha faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo. Faiba ya aina ya malitimodi kwa kasi ya megabiti 100 hufika kilomita 2, kwa hiyo mita 140 hazina wasiwasi wowote. Nunua isiyo na chuma ndani, maana yenye deraya ya chuma inakurudisha kwenye tatizo lile lile. Vuta yenye nyuzi nne au zaidi hata kama unatumia mbili tu. Kazi kubwa iko kwenye mtaro na bomba, nyuzi za akiba hazina uzito huo. Kila upande weka kigeuzi cha faiba, au bora zaidi swichi ya viwandani yenye mlango wa faiba. Taa ya kiungo isipowaka, badilisha nafasi ya nyuzi mbili upande mmoja: ya kutuma lazima iingie kwenye ya kupokea. Kigeuzi cha kule kilishwe na njia ya stesheni, si ya koili.

Ukimaliza hayo mawili ndipo ufungue laptopu, na hapa tufike kwenye ile wiki ya kwanza.

PLC haitafuti kifaa cha PROFINET kwa IP. Inapoamka hupaza sauti kwenye mtandao ikiuliza ni nani mwenye jina fulani. Kifaa chenye jina hilo, herufi kwa herufi, kinajibu, na PLC yenyewe ndiyo inayokipa IP iliyoandikwa kwenye mradi. IP uliyoipanga kwa mkono iliwezesha laptopu kukiona, basi. Kwa PLC stesheni ilikuwa bado mgeni asiye na jina. Ilipokubali baadaye, karibu hakika kuna mtu aliyeikabidhi jina akijaribu jambo jingine.

Jina liwe la herufi ndogo, tarakimu na kistari: kunyausha-01, kaushio-01, boila-01. Nafasi na mstari wa chini havikubaliki. Ukiandika jina lenye vitu hivyo, TIA Portal, programu ya Siemens ya kupangia PLC, haikukatalii. Inaligeuza kimyakimya kuwa jina jingine lenye herufi za ziada mwishoni, na hilo la pili ndilo linalokwenda kwenye waya. Ukitumia programu nyingine kukabidhi jina kwa kuliandika mwenyewe, hayatalingana.

Utaratibu wenyewe uende hivi. Laptopu ipe IP ya kudumu kwenye mtandao ule ule, kwa mfano 192.168.0.200, PLC ikiwa 192.168.0.1 na stesheni 192.168.0.11. Kwenye mchoro wa mtandao weka moduli kiunganishi, IM 155-6 PN ST, ile inayounganisha stesheni na mtandao, kisha iunganishe na PLC yako; ikibaki imeandikwa kwamba haijapangiwa mdhibiti, haitatafutwa kamwe. Ingia kwenye mchoro wa kifaa, panga moduli kwa mpangilio ule ule ulio kwenye reli, badili jina, kompaili maunzi, pakia kwenye PLC. Baada ya hapo ndipo ukabidhi jina: chagua agizo la kukabidhi jina la kifaa, orodha itakuonyesha vifaa kwa anwani za MAC (namba ya pekee ya kila kifaa), na kuna kitufe cha kumulisha taa ya kifaa ulichochagua. Tuma mtu jengoni aone taa gani inamulika kabla hujabonyeza. Ukikabidhi jina kwa kifaa kisicho chake, unapata stesheni mbili zilizokosea kwa mpigo mmoja.

Mpangilio wa moduli ndio unaowapotezea watu muda mwingi kuliko kitu kingine, kwa hiyo tuukalie kidogo. Kwa kazi yako ninapendekeza nafasi ya 1 iwe moduli ya kuingiza ishara 8, isome miguso ya msaada ya kontakta. Usiamini kwamba feni inazunguka kwa sababu tu umeiamuru. Nafasi ya 2 iwe ya Pt100 nne. Nafasi ya 3 iwe ya kutoa ishara 8 za ampea 0.5, koili yako inavuta ampea 0.21, iko salama. Mwisho kabisa panakaa moduli ya kufungia, ile ndogo inayokuja pamoja na kiunganishi. Bila hiyo stesheni haianzi kazi, na ni rahisi kuisahau ndani ya boksi. Iwepo kwenye reli na iwepo kwenye mradi pia.

Vitako zinakochomekwa moduli vina rangi mbili. Cheupe huanzisha kundi jipya la umeme na kinataka volti 24 zake. Cheusi huendeleza umeme wa jirani wa kushoto. Cha kwanza lazima kiwe cheupe. Weka cheupe nafasi ya 1, cheusi nafasi ya 2, cheupe tena nafasi ya 3, ili sensa zibaki kwenye njia yake na koili zibaki kwenye nyingine. Kundi moja lisipite ampea 10. Kwenye mradi, nafasi ya 1 na ya 3 ziwekwe alama ya kuanzisha kundi jipya. Halafu linganisha namba ya oda iliyo usoni mwa kila moduli na ile ya kwenye mradi, mpaka tarakimu ya mwisho, pamoja na toleo la fimuwea (programu ya ndani ya moduli). Moduli yenye toleo jipya kuliko la mradi kwa kawaida inakubaliwa. Mradi ukidai toleo jipya kuliko ulilonalo mkononi, tarajia taa nyekundu.

Kwa Pt100, chagua muunganisho wa waya tatu na ufunge kweli waya tatu. Ukitumia mbili, kebo ya mita 20 ya mm² 0.5 inaongeza ohmu 1.4. Pt100 hupanda ohmu 0.385 kwa kila nyuzi joto moja, kwa hiyo utasoma zaidi ya nyuzi 3.6 juu ya ukweli, na kwenye kunyausha hicho si kiasi cha kupuuza. Weka kichujio cha hertzi 50. Chaneli ya Pt100 usiyoitumia izime, la sivyo itakulalamikia kila siku kwamba waya umekatika. Thamani inayoingia PLC ni sehemu za kumi za nyuzi: 253 ni nyuzi 25.3. Kila chaneli inakula baiti mbili, kwa hiyo ukianzia anwani ya IW100 ndani ya PLC utafika IW106. Acha pengo la kutosha kabla ya stesheni ijayo. S7-1200 inakubali vifaa 16 vya namna hii, na kiwanda hakiishii kwenye jengo moja.

Muda wa kusasisha usiuache kwenye milisekunde 2. Feni na joto la majani havina haraka hiyo. Weka milisekunde 16, mara tatu za uvumilivu, jumla 48. Lakini ufanye hivyo baada ya faiba kupita na volti kukaa sawa. Ukiongeza uvumilivu juu ya kebo mbovu, tatizo linalala tu na litaamka msimu wa mavuno.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: mawasiliano yakikatika, kila kifaa kifanye nini? Kwenye sifa za moduli ya kutoa ishara kuna chaguo: zima, shikilia hali ya mwisho, au toa thamani uliyoipanga. Majani yaliyorundikwa kwenye vitanda vya kunyaushia bila hewa hupata moto na kuwa mekundu, kwa hiyo feni za hewa ya kawaida zishikilie hali ya mwisho. Vali ya mvuke au mlango wa hewa ya moto uzime. Mikanda na mashine za kukata zizime bila mjadala. Kumbuka kwamba kushikilia kunawezekana tu stesheni ikiwa bado ina volti 24. Umeme wake ukikatika, vyote vinaachia. Kitufe cha dharura kikate njia ya koili kwa waya moja kwa moja. Kisipite kwenye mtandao wala kwenye programu ya kawaida. Na mlangoni mwa paneli weka swichi ya mkono na otomatiki, ili wafanyakazi wa zamu waweze kuendesha feni hata PLC ikiwa imezimwa.

Upande wa ishara zinazoingia ni wa hatari zaidi. Stesheni ikipotea, maingizo yake ndani ya PLC hugeuka sifuri. Kama PLC inarekebisha vali ya mvuke kwa kutumia joto la stesheni hiyo, itaona nyuzi 0, itadhani majani yana baridi, na itafungua mvuke wote. Waya wa Pt100 ukikatika stesheni ikiwa hai, inakuja 32767, yaani nyuzi 3276.7, na vali inafungwa kabisa. Makosa mawili, mielekeo miwili kinyume. Andika kwenye programu kwamba thamani iliyo nje ya, tuseme, 50 hadi 600 haikubaliki, na stesheni ikiwa haipo kidhibiti joto kiende kwenye hali ya mkono, vali ikae pale ulipopanga. Hali ya stesheni isome kwa agizo la DeviceStates, au tumia OB86, kipande cha programu kinachoendeshwa stesheni inapopotea na inaporudi. S7-1200 haisimami stesheni ikipotea; inaendelea kuendesha programu yako na sifuri hizo. Waliozoea S7-300, PLC ya zamani ya Siemens, ambayo husimama kama OB86 haipo, huwa hawaitarajii tabia hii.

Upande wa spea, nunua kiunganishi kimoja cha akiba mapema, kwa sababu kikifa usiku wa mavuno kingine kitakuja na basi kutoka Dar es Salaam. Kwenye mradi chora pia ni mlango upi umeunganishwa na upi, na uwashe chaguo la kubadilisha kifaa bila kadi. Hapo PLC itakitambua kifaa kipya kwa jirani zake na kukipa jina yenyewe, mradi kifaa kimerudishwa kwenye hali ya kiwandani kwanza. Kigeuzi au swichi isiyoelewa taarifa za majirani inaweza kuukatiza utaratibu huu, hivyo ujaribu mchana kabla hujauamini.

Paneli ya kule iwe na mpira mlangoni na kebo ziingie kwa chini. Ukungu wa Mufindi na baridi ya Juni hadi Agosti hufanya umande ndani ya paneli asubuhi. Hita ndogo ya wati 50 yenye kidhibiti unyevu inamaliza hilo. Mkija kuweka vibadilisha kasi vya mota, kumbukeni kwamba vingi hupunguziwa uwezo kama asilimia 1 kwa kila mita 100 juu ya mita 1,000, na huko mnakaribia mita 2,000.

Mwisho kabisa fanya majaribio matatu, vitanda vikiwa bila majani. Feni zote zikizunguka, chomoa faiba: feni ziendelee, vali ifungwe, kengele ilie. Irudishe, uhesabu sekunde mpaka stesheni irudi. Kisha zima breka ya volti 24 za stesheni: kila kitu kiachie, na ukiiwasha feni zirudi moja moja kwa kupishana. Tatu, kata umeme wa kiwanda chote na uurudishe. S7-1200 inapoamka husubiri vifaa vya mbali hadi milisekunde 60,000, kisha inaingia kazini hata kama vimekosekana. Kwa hiyo hakikisha swichi na vigeuzi vinaamka ndani ya dakika hiyo, na kwamba hakuna feni inayoanza mpaka mtu wa zamu abonyeze kitufe cha kuthibitisha. Andika kipimo cha volti kwenye terminali za stesheni kwa kila jaribio na ukibandike ndani ya mlango wa paneli.